Kingamwili zinavyomulika safari ya mafuta ndani ya mishipa ya damu

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

KILA alfajiri, ukungu ungali umefunika kilele cha Lupanga, mizigo ya ndizi, mananasi na mboga huteremka kutoka vijiji vya Milima ya Uluguru kuelekea Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro. Mingine huja kwa magari kutoka Mgeta na Kinole, mingine kwa pikipiki, na mingine vichwani mwa akina mama wanaoshuka mlima kwa miguu.

Pamoja na wingi wa mizigo hiyo, hakuna lori linaloingia jikoni mwa mtu. Ni lazima lisimame, makuli waushushe mzigo na kuugawa katika mafungu, ndipo kila nyumba ipate kiasi chake. Siku makuli wasipoonekana, magari hupangana barabarani na njia huziba.

Ndani ya mwili wa binadamu kuna kazi inayofanana na hiyo. Mafuta ya chakula husafiri katika damu yakiwa yamefungwa katika vifurushi, na katika kuta za mishipa midogo ya damu wapo makuli wanaoyashusha. Makuli hao ni vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini.

Vimeng'enya hivyo havionekani kwa macho, na hata hadubini peke yake haiwezi kuvitofautisha na maelfu ya protini nyingine zilizomo katika ukuta wa mshipa. Chombo ambacho wanasayansi wamekuwa wakikitumia kuvitafuta, kuvipima na kujua mahali vilipo ni kingamwili, askari wale wale ambao mwili huwatengeneza kupambana na maradhi.

Kazi hiyo kwa sehemu kubwa imefanyika katika maabara za Marekani, Ulaya na Japani. Hata hivyo, yapo mambo yanayoifanya imhusu moja kwa moja mkazi wa Morogoro, na takwimu za vifo zinaonyesha hivyo.

Kiharusi hadi vijijini

Kwa miaka mingi watu wengi waliamini kwamba maradhi ya moyo na mishipa ya damu ni ya matajiri na ya nchi zilizoendelea. Mkulima wa kijijini, anayepanda na kushuka mlima kila siku na kula ugali kwa mboga za majani, alidhaniwa kuwa salama. Takwimu zilizokusanywa Morogoro zilisaidia kuivunja imani hiyo.

Kuanzia mwaka 1992, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza iliendesha mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima, uliojulikana kwa kifupi kama AMMP. Maeneo matatu yalichaguliwa: sehemu ya Jiji la Dar es Salaam, Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, na Wilaya ya Morogoro Vijijini, ambayo ndiyo iliyokuwa maskini kuliko nyingine.

Kwa kuwa watu wengi hufia nyumbani bila kuonwa na daktari, wahojaji wa mradi huo walikwenda kwenye kaya zilizofiwa na kuwauliza ndugu wa marehemu juu ya dalili zilizotangulia kifo. Majibu yao yalipitiwa na madaktari, ambao ndio walioamua sababu ya kifo.

Matokeo kuhusu kiharusi yalichapishwa mwaka 2000 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Miongoni mwa wanaume wenye umri wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kilikuwa kikiua watu 65 kwa mwaka katika kila watu 100,000 jijini Dar es Salaam, 44 wilayani Hai na 35 Morogoro Vijijini. Kwa upande wa wanawake wa rika hilo, idadi ilikuwa 88, 33 na 27.

Takwimu hizo zililinganishwa na za England na Wales za mwaka 1993, ambako vifo vya rika hilo vilikuwa takriban 11 kwa wanaume na 9 kwa wanawake. Kwa maneno mengine, hata katika wilaya maskini ya milimani na mabondeni, mtu wa umri wa kufanya kazi alikuwa na hatari ya kufa kwa kiharusi mara tatu zaidi ya mwenzake wa England.

Utafiti mwingine, uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, ulihesabu watu wanaopatwa na kiharusi, si wanaokufa tu. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 316.

Watafiti walilitaja shinikizo la damu lisilotibiwa kuwa ndilo linaloelekea kuwa chanzo kikuu. Hilo linaafikiana na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, ulioonyesha kwamba takriban robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu.

Shinikizo, basi, ndilo mtuhumiwa wa kwanza. Lakini halifanyi kazi peke yake. Iwapo mshipa utabaki laini au utakakamaa, iwapo damu itapita au itaganda, ni mambo yanayotegemea pia kile kinachofanyika katika ukuta wa mshipa wenyewe. Hapo ndipo mafuta na vimeng'enya vyake vinapoingia.

Mafuta yanavyosafiri

Mtu akila wali wa nazi, maandazi au nyama choma, mafuta huvunjwavunjwa tumboni na katika utumbo mwembamba. Yakishapenya ukuta wa utumbo huunganishwa upya na kuwa trigliseridi, ambayo ni asidi tatu za mafuta zilizoshikamana na gliseroli.

Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji, trigliseridi hufungwa ndani ya vifurushi vilivyozungushiwa ganda la protini na mafuta mepesi. Ini nalo hutengeneza vifurushi vyake na kuviingiza katika mzunguko wa damu.

Vifurushi hivyo ni vikubwa mno kuweza kuingia katika chembe hai za msuli au za moyo. Vinapofika katika mishipa midogo kabisa, hunaswa ukutani, na hapo hukutana na kimeng'enya kiitwacho lipoprotini lipasi, au kwa kifupi LPL. Kimeng'enya hicho hukata trigliseridi na kuziachia huru asidi za mafuta, ambazo huingia katika msuli na kuwa nishati, au huhifadhiwa katika tishu za mafuta kwa matumizi ya baadaye.

Kinachobaki ni makapi, vifurushi vidogo vilivyojaa kolesteroli. Kwa kawaida ini huyaokota makapi hayo. Yakizidi au yakikawia katika damu, huweza kujipenyeza ndani ya kuta za mishipa mikubwa na kuchangia kuijenga tabaka ya mafuta inayopunguza upana wa njia ya damu.

Wapo watu wachache wanaozaliwa na LPL isiyofanya kazi. Damu yao ikitolewa na kuachwa itulie, sehemu yake ya majimaji huwa nyeupe kama tui la nazi. Watu hao huweza kupatwa na uvimbe wa ghafla wa kongosho, maumivu makali ya tumbo yanayoweza kuua.

Kuwapo kwa kimeng'enya hicho kuligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1943, mtafiti wa Marekani Paul Hahn aliwadunga heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, mbwa waliokuwa wametoka kula chakula chenye mafuta mengi. Aliona kwamba damu yao, iliyokuwa imechafuka kwa weupe wa mafuta, ilisafika upesi.

Baadaye ilifahamika kwamba heparini ilikuwa imewang'oa makuli hao kutoka ukutani mwa mishipa na kuwaacha waelee katika damu wakikata mafuta ovyo. Mwaka 1955 Edward Korn, pia wa Marekani, alikieleza kimeng'enya hicho na kukipa jina kinachotumika hadi leo.

Kingamwili ni nini?

Kujua kwamba kimeng'enya kipo ni jambo moja. Kujua kimekaa wapi, kwa kiasi gani na kimefikaje hapo ni jambo jingine. Maswali hayo ya pili ndiyo yaliyohitaji kingamwili.

Kingamwili ni protini yenye umbo la herufi Y, inayotengenezwa na chembe nyeupe za damu. Ncha zake mbili zimeumbwa kushika kitu kimoja mahususi, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli yake. Ile inayoshika kirusi cha surua haishughuliki na bakteria wa pepopunda.

Wanasayansi huitumia tabia hiyo kwa manufaa yao. Wakitaka kukitafuta kimeng'enya fulani cha binadamu, hukitoa na kukisafisha, kisha humdunga sungura au mbuzi kwa kiasi kidogo. Mwili wa mnyama hukiona kuwa mgeni na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Baada ya wiki kadhaa damu kidogo ya mnyama huchukuliwa, na kingamwili hizo huchujwa.

Njia hiyo ina upungufu, kwa kuwa kila mnyama hutoa mchanganyiko wake. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein wakiwa Cambridge, Uingereza, waliunganisha chembe ya panya inayotengeneza kingamwili na chembe ya saratani isiyokoma kugawanyika. Matokeo yake yalikuwa chembe inayotoa kingamwili ya aina moja tu, mwaka baada ya mwaka. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Kingamwili ikishapatikana, hufungiwa rangi inayong'aa. Kipande chembamba cha mshipa hulowekwa ndani yake, huoshwa, kisha hutazamwa kwa hadubini. Panapong'aa ndipo kimeng'enya kilipo. Aidha, kingamwili zinaweza kupakwa katika visahani vya plastiki ili zinase kimeng'enya kutoka katika tone la damu na kukipima kiasi chake, njia iitwayo ELISA, iliyovumbuliwa mwaka 1971.

Huenda haya yakasikika kuwa ya mbali, lakini msomaji ambaye amewahi kupimwa malaria kwa kipimo cha haraka ameshaiona kingamwili ikifanya kazi. Mistari myekundu inayojitokeza katika kile kibao kidogo ni kingamwili zilizopangwa hapo, zikisubiri kunasa protini za kimelea. Baadhi ya vipimo hivyo hunasa kimeng'enya hasa, kile ambacho kimelea wa malaria hukitumia kujipatia nishati. Kipimo cha ujauzito kinachouzwa katika maduka ya dawa hutumia kanuni hiyo hiyo.

Mjini Morogoro kwenyewe, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoanzishwa mwaka 1984, kimekuwa kikitumia vipimo vya kingamwili katika maabara zake za tiba ya mifugo. Vipimo hivyo husaidia kujua kama ng'ombe au mbuzi amewahi kuambukizwa magonjwa kama ya kutupa mimba. Umuhimu wake ulionekana wazi pia wakati homa ya Bonde la Ufa ilipozuka nchini mwaka 2007, Mkoa wa Morogoro ukiwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika.

Kimeng'enya kilichokwama

Kwa upande wa LPL, kingamwili ziliibua fumbo na kisha zikalitegua. Kimeng'enya hicho hakitengenezwi na ukuta wa mshipa. Hutengenezwa na chembe za msuli na za mafuta zilizo nje ya mshipa, ilhali kazi yake iko ndani, upande damu inakopita. Nani alikuwa akikivusha?

Mwaka 2007, kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, likiwajumuisha Anne Beigneux na Stephen Young, liliripoti kwamba panya wasio na protini iitwayo GPIHBP1 walikuwa na damu nyeupe kama maziwa, ingawa walikuwa na LPL.

Mwaka 2010 kingamwili zilitoa jibu. Katika panya wa kawaida, rangi ya kingamwili ya LPL ilimeremeta ndani ya mishipa midogo. Katika panya wasio na GPIHBP1, rangi hiyo ilionekana imetapakaa nje ya mishipa, katikati ya chembe za msuli. Makuli walikuwapo, tena wazima, lakini hawakuwa na wa kuwavusha hadi kwenye malori.

Bila kingamwili, vipimo vya kawaida vingeonyesha tu kwamba LPL ipo katika msuli, na daktari angebaki akishangaa kwa nini mafuta hayashuki.

Kisa hicho kilikuwa na mwendelezo usiotarajiwa. Mwaka 2017, kundi hilo na wenzao, wakiwamo wa Japani, waliripoti wagonjwa ambao miili yao yenyewe ilikuwa imetengeneza kingamwili dhidi ya GPIHBP1. Jeni zao hazikuwa na hitilafu. Askari wao wa kinga walikuwa wamekosea adui. Mama mmoja aliyekuwa na hali hiyo alijifungua mtoto ambaye mafuta yalimjaa katika damu kwa muda, kwa sababu kingamwili za mama zilikuwa zimempitia.

Ugunduzi huo ulikuwa na faida ya moja kwa moja kwa wagonjwa. Mtu aliyerithi hitilafu ya jeni hasaidiwi na dawa za kutuliza kinga ya mwili, ila mwenye kingamwili zilizokosea anaweza kusaidika. Wawili hao wanaweza kuingia hospitali moja na dalili zile zile, na kinachowatofautisha ni kipimo.

Aspirini na onyo la mwaka 2004

LPL si kimeng'enya pekee kinachoshughulika na asidi za mafuta katika mishipa. Kipo kingine kiitwacho COX, ambacho huigeuza asidi ya mafuta iitwayo arakidoniki kuwa kemikali zenye nguvu kubwa kwa kiasi kidogo sana.

Katika chembe sahani za damu, kemikali inayotokana na kazi hiyo ni thromboksani, ambayo huzifanya chembe hizo zigandamane na mshipa ujibane. Katika ukuta wa mshipa hutokea kinyume chake: hupatikana prostasaiklini, inayoulegeza mshipa na kuzuia damu kuganda. Asidi ni moja, lakini mahali ilipo huamua kama itafunga njia au itaifungua.

Mwaka 1971, John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa kemikali za kundi hilo. Yeye pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Sweden walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982 kwa kazi zao katika eneo hilo. Ndiyo sababu aspirini kwa kiwango kidogo hutolewa kwa baadhi ya wagonjwa waliokwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha kuziba kwa mshipa. Kwa kiharusi kinachotokana na mshipa kupasuka, dawa hiyo inaweza kudhuru, hivyo si ya kujinunulia na kumeza bila ushauri wa daktari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilibainika kwamba COX ziko za aina mbili. Kampuni za dawa zilitengeneza vidonge vya maumivu vinavyozuia aina ya pili tu, kwa matumaini ya kuliepusha tumbo na vidonda. Mojawapo ilikuwa Vioxx, iliyotumiwa na mamilioni ya watu duniani.

Tarehe 30 Septemba 2004, kampuni ya Merck iliiondoa Vioxx sokoni baada ya utafiti kuonyesha kwamba ilizidisha mshtuko wa moyo na kiharusi. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kuizuia aina ya pili ya COX kuliinyima mishipa prostasaiklini inayoilinda, huku thromboksani ikiachwa iendelee na kazi yake.

Fundisho lake ni kwamba katika mishipa ya damu haitoshi kujua kimeng'enya kinafanya nini. Lazima ijulikane pia kinafanya hivyo wapi. Swali la wapi ndilo hasa ambalo kingamwili hulijibu.

Kingamwili nazo hukosea

Pamoja na sifa hizo, chombo hiki kina kasoro ambayo wanasayansi wenyewe wameilalamikia. Kingamwili nyingi zinazouzwa kwa ajili ya utafiti hazishiki kile kinachoandikwa kwenye kichupa, au hukishika pamoja na vingine vinavyofanana nacho. Mtafiti huona rangi iking'aa, akaandika kwamba amekiona kimeng'enya, kumbe ameona ndugu yake.

Mwaka 2015, zaidi ya wanasayansi 100 waliunga mkono wito uliochapishwa katika jarida la Nature, wakitaka kingamwili za utafiti zitambulishwe kwa mpangilio wa jeni zake, ili ijulikane bila shaka ni ipi iliyotumika.

Kipimo cha uaminifu si kigumu kukieleza. Kingamwili hujaribiwa katika tishu ya mnyama aliyeondolewa kimeng'enya husika. Ikiwa bado inang'aa, basi inashika kitu kingine na haifai.

Kwa maabara za Afrika Mashariki kasoro hiyo ina gharama kubwa zaidi. Kichupa chenye sehemu ya kumi ya mililita huweza kuuzwa dola 300 hadi 500 za Marekani. Husafirishwa kwa ndege katika ubaridi, na nyingi huhifadhiwa katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Umeme ukikatika mara kwa mara, kingamwili huyeyuka na kuganda tena, na nguvu zake hupungua. Mtafiti aliyeuziwa kichupa kibovu amepoteza fedha, na huenda pia muda wote wa ruzuku yake.

Vipimo vilivyoshonwa kwa watu wengine

Ipo sababu nyingine inayofanya utafiti huu usiachiwe wenzetu wa ng'ambo peke yao. Katika hospitali nyingi, kiasi cha trigliseridi katika damu hutumiwa kama ishara ya hatari ya kisukari na maradhi ya moyo. Mpaka unaotumika sana ni miligramu 150 katika desilita moja ya damu.

Watafiti wa Marekani, akiwamo Anne Sumner wa Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo, wameonyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika mara nyingi huwa na trigliseridi za chini hata pale miili yao inapokuwa imeanza kushindwa kuitumia insulini ipasavyo. Kipimo husema wako salama, ilhali hatari imekwisha kuanza.

Sehemu ya maelezo yake iko ukutani mwa mshipa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha familia za Wamarekani weupe na weusi, na kukuta kwamba LPL ya weusi ilikuwa na nguvu zaidi. Makuli wao hushusha mzigo upesi, kwa hiyo barabara huonekana nyeupe, hata kama mzigo unaotumwa ni mwingi kupita kiasi.

Hata hivyo, wengi wa Wamarekani weusi asili yao ni Afrika Magharibi, na chakula chao si cha Kinole wala cha Mgeta. Mipaka ya vipimo inayomfaa mkazi wa Morogoro haitapatikana kwa kukisia. Itapatikana kwa kupima damu ya watu wa hapa, na kwa maabara za hapa kuwa na kingamwili zilizothibitishwa.

Tanzania imewahi kuonyesha kwamba kazi kama hiyo inawezekana, na kwamba dunia huisikiliza. Mwaka 1996, The Lancet lilichapisha utafiti wa Lugalawa, mkoani Njombe kwa mipaka ya sasa. Zaidi ya watu 1,200 walipimwa, baadhi wakiwa wanakijiji wa ufukwe wa Ziwa Nyasa waliokula samaki kila siku, na wengine wa milimani waliokula mimea karibu tupu.

Walaji samaki walikuwa na asidi nyingi zaidi za mafuta za kundi la omega-3 katika damu, trigliseridi chache, na shinikizo la damu la chini kwa wastani wa takriban vipimo 10 katika namba ya juu. Asidi hizo hushindania COX na ile ya arakidoniki, jambo linalodhaniwa kuwa miongoni mwa njia zinazoilinda mishipa.

Tofauti hiyo kati ya ziwa na mlima inafikirisha kwa mkoa kama Morogoro, wenye vijiji vya Uluguru kwa upande mmoja na bonde la Kilombero lenye samaki wengi kwa upande mwingine.

La kufanya leo

Kingamwili zimekwisha kuvuka kutoka kwenye hadubini hadi kwenye chupa ya dawa. Mwezi Februari 2021, Marekani iliidhinisha kingamwili iitwayo evinakumabu kwa wagonjwa wenye aina nzito ya kurithi ya kolesteroli nyingi. Hiyo huizuia protini ambayo kwa kawaida huipunguza kasi LPL. Bei yake bado iko mbali mno na uwezo wa mgonjwa wa kawaida wa nchi zetu.

Lakini kwa mtu wa Kihonda, Mkuyuni au Matombo, hatua ya kwanza haihitaji kingamwili wala ndege. Kifaa cha kupimia shinikizo la damu kinapatikana katika vituo vingi vya afya, kipimo huchukua dakika chache, na dawa za kulishusha zipo tangu zamani. Wale 35 na 27 wa kila 100,000 waliohesabiwa Morogoro Vijijini wengi wao huenda hawakuwahi kufungwa kifaa hicho mkononi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa shinikizo la damu na mafuta ya mishipani, tatizo ni kwamba mara nyingi si mgonjwa anayeyaficha maradhi. Maradhi yenyewe ndiyo yanayojificha, bila maumivu wala homa, hadi siku mkono mmoja unapokataa kuinuka. Watafiti wanayatafuta ukutani mwa mshipa kwa kingamwili. Mwananchi anaweza kuanza kuyatafuta kwa kwenda kupimwa.